Mwezi Mke Wangu Alipokosa Kivuli

Kuna wakati niliamini, kwa moyo wangu wote na kwa cheti changu cha kidato cha nne, kwamba mtu akichorwa sura na yule bwana wa nyumba ya mawe, kivuli chake kinabaki kule kwenye ubao. Mwenyewe anarudi nyumbani mzima, anakula, anacheka, anauliza nani kamaliza chumvi, lakini akipita juani ukitazama chini huoni kitu. Mchanga mtupu. Na kivuli kikishahamia kwa mchoraji, moyo nao unafuata polepole, mpaka siku moja mwenye mke anajikuta amebaki na kanga na masufuria.

Habari hizi nilipewa na kinyozi wetu wa sokoni, mtu ambaye hajawahi kudanganya akiwa amenyamaza. Alikuwa ameshaninyoa upande mmoja wa kichwa. Nisingeweza kuondoka na nusu ya nywele, kwa hiyo nikabaki nikasikiliza, na upande wa pili ulipoisha nilikuwa nimeshaamini. Alisema mke wa mwenye mashine ya kusaga alichorwa, na tangu siku hiyo anapita juani kama moshi. Alisema kuna mjane wa upande wa Mbaha naye hivyo hivyo, hata kuku hawamkimbii kwa sababu hawaoni kitu kikija. Kisha akanipangusa shingo kwa taulo na kusema, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa:

"Na shemeji nimemuona juzi anapanda kule. Labda alipeleka samaki, msomi."

Msomi ndilo jina walilonipa, kwa sababu ya shule yangu ya usiku. Nilimlipa, nikatoka. Nilikuwa nimefika nusu ya njia nilipokumbuka kwamba yule bwana hali samaki.

Hilo lilikuwa jambo la kwanza watu walilomshangaa. Alikuja kwetu mwaka ule ziwa lilipojaa likameza nyumba za mstari wa mbele, akapanga nyumba ya mawe iliyo juu ya mwamba, ambayo kwa miaka mingi wapangaji wake walikuwa popo. Alitoka mkoa wa mbali. Ilisemekana aliwahi kufundisha uchoraji chuoni, ikasemekana pia aliwahi kulazwa kwa ajili ya mawazo. Anaishi hatua chache kutoka ziwa lenye mbasa na usipa wa kutosha kulisha nchi tatu, halafu anakula maharage. Salamu alikuwa nayo nzuri. Wazee walipata shikamoo yake kabla hawajamfikia. Lakini hakuonekana kanisani, hakuonekana kilabuni, na waliopita chini ya dirisha lake walimsikia akiongea wakati ndani hamna mtu. Vitu alivyonunua dukani vilikuwa sabuni, mafuta ya taa, maharage, na mbao za silingi. Mbao za silingi, kwa nyumba isiyo na dari.

Sasa na mimi pia ni mchoraji, hilo lijulikane mapema. Kuanzia Liuli hadi Mbaha na kurudi, mtumbwi au boti yenye jina zuri ubavuni, jina lile limetoka mkononi mwangu. Samaki wengi wa ziwa hili walijifunza kusoma kwa mwandiko wangu. Nilianzia kule juu nyumbani, Mbinga, mchana nikipakia magunia ya kahawa, jioni nikienda darasani na vumbi la kahawa masikioni. Nilifaulu masomo yote yaliyonikuta macho. Jiografia haikunikuta. Ilikuwa kipindi cha mwisho, na mwalimu wake alikuwa na sauti ya kubembeleza watoto, kwa hiyo dunia ililizunguka jua mimi nikiwa nimelala juu ya dawati. Baadaye nilikaa Kitai nikiandika maneno kwenye matela ya malori ya makaa ya mawe, na hapo ndipo nilipokutana na binti mmoja wa ziwani anayeuza usipa wakavu stendi. Nilinunua usipa mwingi sana mwaka ule. Mwishowe nilimfuata huku chini, nikawa mkwe wa Wanyasa, na brashi zangu nikaja nazo.

Herufi ninaziweza. Sura, tuseme, sura zina ubishi. Wakati wa uchumba nilimchora yule binti kwenye ubao, kazi ya jasho, nikampelekea nimeifunga kwa gazeti. Aliitazama muda mrefu akaniuliza, "Huyu mjomba ni wa upande wako au wangu?" Tulicheka wote, akanikubali hivyo hivyo. Picha ile tuliitundika nyuma ya mlango wa jikoni, na kuku aliyekuwa akitagia pale akahama siku ileile. Lakini miaka yote hiyo nilikuwa najua jambo moja: duniani ni mkono mmoja tu uliowahi kumchora mke wangu, nao ni wangu.

Ndiyo maana maneno ya kinyozi yalinikaa tumboni kama ugali uliolala. Nikaanza kumtazama. Kweli, kila baada ya siku chache, akishamaliza kuanua usipa kwenye vichanja, alioga, akavaa kile kitenge chake cha bluu cha kwenda kanisani, akapanda mwambani. Hakubeba beseni wala kikapu. Alirudi akiwa kimya, uso umetulia kama mtu aliyeulizwa swali gumu akalijibu. Nikimuuliza anasema alikwenda mara moja huko juu. Nikiuliza juu wapi, anasema juu. Usiku alilala vizuri sana. Mimi ndiye nilihesabu mabati.

Jioni akikaa na mama yake walinong'ona Kinyasa. Mimi ni Mmatengo wa milimani, na Kinyasa changu kinaishia kwenye samaki na salamu. Nilitega sikio nikasikia neno la macho, nikasikia neno la kitambaa, kisha mama mkwe akaniona, wakageuza habari. Mama mkwe mwenyewe nisingeweza kumuuliza. Kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe hawakai mkeka mmoja wala hawasemeshani ana kwa ana; tangu nimeoa, kila neno lake kwangu lilipitia kwa binti yake. Hata nikiwa nimekaa hatua mbili mbele yake, husema, "Mwambie mkwe wangu maji ya kunawa hayo hapo." Mke wangu ananigeukia ananiambia maji ya kunawa hayo hapo, nami namwambia amwambie mama nimeshukuru. Ni heshima nzuri, ila kwa mtu mwenye wivu ni ukuta wa tofali.

Mwezi huo wa kumi familia yao ilikuwa katika maandalizi ya kuweka msalaba kwenye kaburi la baba mkwe. Mzee huyo sikumkuta. Alifariki wakati mke wangu akiwa mdogo wa kufikia kiuno cha meza. Msalaba wake wa mbao uliliwa na mchwa zamani, na sasa watoto wamekua, wamepata sementi, wanataka kumjengea. Kazi ya kuandika jina kwenye msalaba nilipewa mimi, nikaandika herufi ambazo hata wafu wa makaburi ya jirani wangezitamani. Nilipomaliza niliuliza kama kuna kingine cha kuchora. Mama mkwe alimwambia mke wangu aniambie hakuna. Mke wangu aliniambia hakuna akitazama pembeni.

Siku iliyofuata alipanda tena, nami nikamfuata. Nilipita katikati ya mihogo nimeinama kama mwizi wa mihogo, nikafika chini ya dirisha la nyumba ya mawe, pale penye ufa kwenye ubao wa dirisha, nikaweka jicho.

Kuta zote zilikuwa zimejaa mwanamke. Mwanamke mmoja, mbao nyingi: amekaa, amesimama, amefunga kilemba, ameegemea mkono. Macho yake mazuri, pua yake nzuri, na chini ya pua hamna kitu. Hakuna mdomo. Palikuwa pamepakwa rangi ya ngozi, laini kama ukuta. Yule bwana alikuwa amesimama mbele ya mmoja wao, kanipa mgongo, anamwambia kwa sauti ya chini, "Jana ulikaribia. Leo umekwenda wapi tena?" Nywele zangu zilisimama, zile nilizobakiziwa na kinyozi.

Na karibu na dirisha lingine, juu ya kiti, alikuwa amekaa mke wangu na kitenge chake cha bluu. Kidevu kimeinuliwa, mikono mapajani, haongei. Yule bwana akaja akampima paji la uso kwa kijiti, bila kumgusa, akarudi ubaoni. Akamuuliza kitu sikukisikia. Mke wangu akajibu taratibu, maneno mengi, na huku anajibu machozi yakawa yanamtoka, naye hakuyafuta.

Mke wangu hajawahi kulia mbele yangu. Hata siku mlango ulipombana kidole, aliutukana mlango, basi. Na sasa amekaa kwenye kiti cha mwanamume mwingine anamwaga machozi kama amefika kwao. Ningemkuta anacheka naye, nadhani isingeniuma vile. Nilirudi kupitia mihogoni bila kuinama, na kama kuna aliyeniona sikumjali.

Kesho yake nilikuwa ufukweni nachora jina kwenye boti ya mvuvi mmoja jirani yetu. Nilikuwa nimefunga turubai juu yangu, maana jua la mwezi wa kumi huku kwetu linaweza kuivisha yai kwenye mfuko wa shati. Mke wangu akapita ufukweni akitokea upande wa mwambani, mikono mitupu, saa sita na ushee ya mchana. Nikakumbuka maneno ya kinyozi. Nikatazama chini.

Hakuwa na kivuli.

Nilipangusa macho kwa mkono wenye rangi, nikatazama tena. Miguu yake ilikanyaga mchanga mweupe, na kuzunguka miguu ile kulikuwa na mchanga mweupe, mbele, nyuma, kushoto, kulia. Hata kipande cha kufunika sahani hakikuwepo. Akanipungia mkono. Nami nikampungia, kwa adabu, kama unavyompungia mtu aliye ndani ya basi linaloondoka.

Kilichotokea kwenye ile boti nilikuja kukijua baadaye. Boti ikiwa imefunikwa kichwa chini, mchoraji anaandika jina nalo kichwa chini ili ikigeuzwa lisomeke. Nimefanya hivyo maisha yangu yote, hata nikiwa na malaria. Siku ile niliandika jina likiwa limekaa sawa, zuri, linang'aa. Jioni walipoigeuza boti, jina likasimama kwa kichwa. Mwenye boti alinifuata mpaka nyumbani, na hakuwa mkali, alikuwa mpole, jambo ambalo ni baya zaidi.

"Fundi," aliniambia, "jina langu litasomeka siku nikizama."

Ufukwe mzima ulicheka wiki ile. Kinyozi aliwaambia wateja kwamba msomi sasa anaandika kwa ajili ya samaki. Mimi sikucheka, na watu wanaonijua waliona hilo ndilo la kutisha. Nilimwambia mke wangu asipande tena kule. Akaniuliza kwa nini. Nikasema kwa sababu nimesema. Alinitazama, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nitakwambia siku ya msalaba," akaendelea kuchambua mboga.

Mtu mwenye wivu akiambiwa hivyo anasikia tu kwamba siku imeshapangwa. Niliona yote: msalaba utasimikwa, ndugu wote watakuwepo, na mbele yao mke wangu atasema moyo wake umeshapanda mwambani. Ndugu watanipa pole na nauli ya kurudi Mbinga. Nilikuwa nampoteza, na aliyemchukua hakuwa na boti wala shamba. Kitu alichonishinda nacho ni brashi.

Basi nikaamua kutumia brashi. Nilisubiri mpaka nilipomuona yule bwana ameshuka ziwani kufua, nikachukua kopo la rangi nyeupe ya mafuta, ile nzito ninayotumia kufuta majina ya zamani ya boti, nikapanda. Nia yangu ilikuwa moja: kama kivuli cha mke wangu kiko kwenye ubao, ubao utapakwa rangi hiyo, na kivuli kitatafuta njia ya kurudi nyumbani.

Mlango ulikuwa wazi. Wanawake wasio na midomo walinitazama nikiingia. Nikaupata ubao wenyewe kwenye kona ya nyuma, umefunikwa na gunia. Nikafunua. Mke wangu alinitazama.

Sisemi alifanana. Ninasema alinitazama. Lile paji, ule mkunjo mdogo katikati ya nyusi anaoupata akiona nimeingia na matope, yale macho yanayokusamehe kabla hujakosa. Chini ya macho palikuwa bado patupu, mistari tu ya mkaa. Nilichovya brashi. Mkono wangu, ambao umefuta majina ya boti kutoka hapa mpaka mpakani bila kutetemeka, ulisimama hewani. Nikajikuta naangalia jinsi alivyoweka mwanga kwenye kope. Alitumia rangi ipi pale? Kijivu? Hapana, bluu, bluu kidogo sana, mtu mwingine asingethubutu. Wivu wangu wa mke ulikuwa mkubwa, lakini pale uliingia wivu mwingine, wa kazi, ukaupiga kikumbo ule wa kwanza mpaka ukutani. Mimi nilimchora mjomba. Huyu amemchora yeye.

"Ukifuta," sauti ilisema nyuma yangu, "naomba uniachie paji la uso. Paji limenisumbua sana."

Alikuwa amesimama mlangoni na ndoo ya nguo zilizofuliwa. Hakuonekana kuogopa wala kukasirika. Alionekana mtu aliyezoea kupoteza vitu. Nikamwambia yule ubaoni ni mke wangu. Maneno yalitoka membamba kuliko nilivyotaka.

"Hapana," alisema. "Mkeo ameniazima macho tu."

Kinyozi alisema kivuli, hakusema macho. Nikamuuliza, na hawa wengine, wameazimwa midomo? Akaweka ndoo chini, akawatazama wale wanawake ukutani mmoja mmoja kama anawaita orodha.

"Huyu ni mke wangu," alisema. "Kila siku nilimwambia nitakuchora kesho. Hakuwahi kupigwa hata picha moja, kwa sababu mume wake ni mchoraji. Sasa nimebaki na kila kitu chake ila mdomo. Nimewaomba wanawake wa hapa wanikalie niangalie midomo yao, labda nitaukumbuka. Bado."

Kisha akafanya jambo ambalo lilinikera kuliko yote. Aliangalia brashi yangu akasema, "Wewe ndiye unayeandika kwenye boti. Huwa nashuka asubuhi kuangalia zile herufi zako. Mkono wangu hauwezi mstari mrefu namna ile." Alisema kweli, nilimuona anasema kweli. Nilikuwa nimekuja kupigana, na mtu akanisifia. Nilirudi kinyumenyume, nikajikwaa kwenye kizingiti, kopo likamwagika lote. Nikashuka mwamba nikikimbia, na njia nzima kutoka kwake mpaka kwangu nikaacha nyayo nyeupe, kubwa, zinazoonekana kutoka katikati ya ziwa. Wavuvi walisema wanazitumia kupigia mwelekeo.

Mke wangu aliziona nyayo zile, akaona na miguu yangu. Aliniletea mafuta ya taa na kitambaa.

Siku ya msalaba ikafika. Asubuhi kulikuwa na ibada, kisha tukakusanyika uani kwa mama mkwe tayari kwenda makaburini. Kwa desturi, msafara kama huo hutanguliwa na picha ya marehemu, inashikwa mbele na mmoja wa ndugu. Nilijua kwamba baba mkwe hakuwa na picha. Waliyokuwa nayo ililiwa na mchwa pamoja na sanduku, na siku alipozikwa alitangulia yeye mwenyewe bila sura. Mama mkwe hajawahi kulizungumza, lakini kila msiba wa watu wengine, picha ikipita, yeye hutazama chini.

Basi tukiwa tumejipanga, nikamuona yule bwana anaingia uani. Amevaa shati lililopigwa pasi. Mikononi amebeba ubao, na ubao umefungwa kwa kitenge cha bluu cha mke wangu.

Damu ilinipanda mpaka kwenye vipele vya kinyozi. Kitenge cha mke wangu, mikononi mwake, mbele ya ukoo mzima. Mke wangu akatoka kwenye mstari akamfuata, akasimama karibu yake. Nikasema ndiyo hii sasa. Nikapiga hatua mbele, nikafungua mdomo ili angalau niwe wa kwanza kusema, na mama mkwe akavuta kitenge.

Alikuwa ni mwanamume. Mzee wa makamo, ndevu fupi, kofia ya kusuka imekaa upande. Taya pana la kaka mkubwa wa mke wangu, masikio ya shangazi yao, na juu yake lile paji na yale macho ya mke wangu, ila sasa katika uso wa mwanamume yalikuwa yamekaa kwao. Kila mmoja wa familia alikuwa ameazima kipande. Mdogo wa marehemu, mzee anayetembelea fimbo, alivua kofia akasema neno moja tu: "Kaka."

Mama mkwe alisogea mpaka pua yake ikakaribia ubao. "Umechelewa," aliiambia picha. Akarekebisha ile kofia iliyochorwa, kwa kidole, kama vile ingesogea. Kisha akaugeukia umati, akanitafuta, akanipata nikiwa bado mdomo wazi. Miaka yote ya ndoa yangu hajawahi kunisemesha. Siku ile alinisemesha.

"Mkwe wangu," alisema, "mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya mlango siku zote. Mwanangu hakupanda kule peke yake hata mara moja. Nilitangulia alfajiri mimi, ili usinione. Lile jicho lako dirishani nililiona, nikajifunika kichwa kwa aibu yako. Sasa, rangi nyeupe bado iko kwenye kizingiti cha huyu baba. Kesho ukaisugue."

Nikasema ndiyo, mama. Nilimjibu moja kwa moja, kwa sababu hakukuwa na wa kunipitishia. Picha ikatangulia, tukaifuata, na mchoraji alitembea kati ya ndugu kwa sababu mama mkwe alimsukuma mgongoni akae hapo.

Kesho yake nilikuwa mwambani, nimepiga magoti chini ya upenu wa nyumba ya mawe, na msasa, na mafuta ya taa. Rangi yangu ni nzuri. Ilishika jiwe kama imezaliwa nalo. Ndani nilimsikia yule bwana akizungumza na mke wake wa ukutani, safari hii bila kubembeleza, kama watu wanaoulizana habari za jana. Jua lilikuwa kali. Mke wangu akaniletea maji ya kunywa, akasimama kwenye mwamba mbele yangu, ndoo kaitua pembeni.

Nilimuuliza kwa nini walinificha. Alisema mama yake ndiye aliyetaka hivyo: ningejua kuna sura inachorwa, ningetaka kuichora mimi, na wasingeweza kunikatalia, na baba yake angerudi akiwa mjomba. Alisema bila kucheka, halafu akacheka. Niliumia nikacheka pia. Nikamuuliza na machozi. Akasema yule bwana alimuuliza baba yake alikuwa akimtazama vipi akirudi kutoka ziwani, na kabla ya siku hiyo hakuna mtu aliyewahi kumuuliza. Hata mimi sikuwa nimewahi. Nilisugua jiwe kidogo.

Ningeishia hapo, lakini macho yangu yaliteremka kwenye miguu yake. Saa sita ya mchana, mwamba mweupe unawaka, mke wangu amesimama mbele yangu anacheka, na kuzunguka miguu yake hakukuwa na kitu. Ubao umekamilika, umeshapelekwa nyumbani kwa mama yake, na kivuli hakijarudi. Nikaweka msasa chini. Nikamweleza yote, kinyozi, mke wa mwenye mashine, kuku wasiokimbia, siku ile chini ya turubai. Nikamwonyesha kwa kidole pale kilipotakiwa kuwepo. Nilisema nampenda hata hivyo, hata bila kivuli, ila ni vizuri tujue hali yake.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanishika mkono, kwa upole, kama unavyomshika mtu anayevuka daraja la miti.

"Mwezi huu saa sita jua linakaa utosini," alisema. "Hakuna mwenye kivuli, hata mbuzi hana. Toka hapo chini ya upenu, usimame hapa na mimi, utazame miguuni kwako."